Mashine Inapomfuata Mtoto Njiti Nyumbani

Siku mtoto njiti anaporuhusiwa kutoka hospitali, ndugu na majirani huona kwamba mtihani umekwisha. Mama amekaa wodini wiki kumi, kumi na mbili, pengine zaidi. Mtoto aliyelazwa kwenye mashine ya joto akiwa hajafika kilo moja sasa ana kilo mbili na ushei, ananyonya, analia kwa sauti inayosikika. Lakini kwa baadhi ya familia, hasa Marekani ambako mtindo huu ulizaliwa na kukua, siku hiyohiyo ndiyo wanayokabidhiwa kazi nyingine: kisanduku chenye ukubwa wa kitabu kinene, nyaya, mkanda wa kumfunga mtoto kifuani, na maelekezo ya nini cha kufanya kikilia saa nane za usiku.

Kisanduku hicho hufuatilia pumzi na mapigo ya moyo. Kimekuwa mikononi mwa wazazi kwa zaidi ya nusu karne, na kwa muda wote huo madaktari wamebishana: kinamwokoa nani, kinamchosha nani, na kikae nyumbani hadi lini?

Chanzo cha yote ni ubongo uliozaliwa mapema. Mtu mzima hapumui kwa kukumbuka. Sehemu ya chini ya ubongo hupima hewa iliyomo kwenye damu na kukiamuru kifua kupanda na kushuka, awe macho au usingizini. Kwa njiti sehemu hiyo bado haijapevuka. Oksijeni ikipungua, mtu mzima huhema kwa kasi mpaka ipatikane. Njiti huhema haraka kidogo, kisha husita. Koo lake nalo ni laini, shingo ikikunjika vibaya njia ya hewa huziba. Madaktari huhesabu kuwa amesita kupumua pale pumzi inapokatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi ya huo lakini moyo ukipunguza mapigo au oksijeni ikashuka.

Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Karibu wote wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hupatwa na hali hii. Kwa wanaozaliwa wiki ya 30 au 31 ni takribani nusu, na kwa wale wa wiki ya 34 au 35 ni kama 7 kati ya 100. Wauguzi wa wodi za njiti wanalijua jambo hili kwa vidole vyao. Mtoto akisita, humpapasa mgongo au humgusa unyayo, naye hushtuka na kuvuta hewa. Mara nyingi hakihitajiki kingine zaidi ya mkono huo, mradi uwe karibu.

Kuna dawa pia, na habari yake inastahili kusimuliwa kwa sababu watu wengi hawaamini wanapoisikia mara ya kwanza: ni kafeini, ileile iliyomo ndani ya kahawa na chai. Huuchochea ubongo mchanga usisahau kuamuru pumzi. Ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1970, ila bila uhakika wa madhara yake ya baadaye, mpaka Barbara Schmidt na wenzake walipoongoza jaribio kubwa kutoka Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada. Watoto 2,006 waliozaliwa na uzito wa kati ya gramu 500 na 1,250 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa kafeini, wengine maji yasiyo na dawa. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2006. Waliopewa kafeini hawakuugua mara nyingi kama wenzao ule ugonjwa sugu wa mapafu unaowaandama njiti, na walipofikisha umri wa kati ya miezi 18 na 21, waliokuwa wamefariki au kupata ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 40.2, dhidi ya 46.2 upande wa pili. Ni dawa chache za njiti zenye ushahidi wa namna hiyo.

Ila kafeini ina tabia moja inayoamua maisha ya familia kuliko wengi wanavyojua. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa huwa imeondoka mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa njiti huchukua takribani saa 100, yaani zaidi ya siku nne. Kwa hiyo daktari akisimamisha dawa leo, hawezi kusema kesho kwamba mtoto anapumua mwenyewe. Lazima asubiri dawa iishe. Ndiyo maana hospitali nyingi hudai siku tano hadi saba bila tukio lolote kabla ya kumruhusu mtoto. Wazazi huzihesabu. Siku ya sita mtoto akisita mara moja tu wakati wa kunyonya, hesabu huanza upya kutoka sifuri, na mama aliyekuwa ameshafungasha nguo huzirudisha kabatini. Ukitaka kuelewa kwa nini familia nyingine huomba mashine ya nyumbani kwa machozi, anzia hapo. Mashine huonekana kuwa njia ya kutoka.

Namna inavyofanya kazi si fumbo. Vibandiko viwili huwekwa pande mbili za kifua na kushikwa na mkanda laini. Mkondo mdogo mno wa umeme, asiouhisi mtoto, hupita kati yake. Kifua kinapojaa hewa na kutoa, ukinzani wa mkondo hubadilika, na mashine husoma badiliko hilo kama pumzi. Inasoma mapigo ya moyo kupitia vibandiko hivyohivyo. Kifua kikikaa sekunde 20 bila kusogea, au moyo ukishuka chini ya kiwango alichopanga daktari, inalia, na mlio wake umetengenezwa kwa makusudi uwe wa kuudhi. Kumbukumbu ya kila tukio hubaki ndani, na mtaalamu huja kuisoma baadaye.

Udhaifu wake mkubwa uko katika kile isichokiona. Koo likiziba, kifua cha mtoto huendelea kuhangaika kupanda na kushuka ingawa hewa haipiti, na mashine huhesabu mahangaiko hayo kuwa pumzi. Itakuja kulia pale tu moyo utakapolegea. Kwa upande wa pili, inalia mara nyingi pasipo na jambo: kibandiko kimelegea, mkanda umeteleza, mtoto anapumua kwa pumzi ndogo zisizofika kipimo. Wazazi waliopitia huko husema jambo lilelile: milio mingi ni ya waya, na bado kila mlio lazima uamkiwe kana kwamba ni ule wa kweli.

Kabla ya kukabidhiwa, wazazi hufundishwa. Mlio ukisikika, mtazame mtoto kwanza, kisha ndipo mashine. Je, midomo ina rangi yake? Kifua kinapanda? Kama anapumua, kagua nyaya. Kama hapumui, mguse kwa upole, msugue mgongo, mpige kidole unyayoni. Usimtikise kamwe, maana ubongo wa mtoto mchanga huumia kwa kutikiswa. Asipoitika, anza kumpulizia hewa na kumkandamiza kifua kwa vidole, na mwingine apige simu ya dharura. Wanaofanya haya mazoezini kwa mwanasesere wa plastiki hurudi nyumbani wakijua kwamba ipo siku huenda wakayafanya kwa mtoto wao.

Hapo ndipo nyumba inapoanza kupangika upya. Mtu aliyebaki peke yake na mtoto hawezi kuoga bafuni huku maji yakivuma, kwa sababu hatausikia mlio. Hawezi kuwasha redio kwa sauti. Akiendesha gari, anatakiwa mtu mzima mwingine kiti cha nyuma. Mtoto hubebwa na kisanduku chake kutoka chumba hadi chumba. Kaka yake wa miaka mitatu lazima akatazwe kuchezea nyaya, na usiku nyaya hupitishwa chini ya nguo ili zisimzunguke shingoni. Kwa dakika chache tu kwa siku, wakati wa kuogeshwa, mtoto huwa huru. Na hata dakika hizo haziwi za raha, kwani sasa jicho la mama ndilo linalolazimika kuhesabu.

Msaada hupungua wakati unapohitajika zaidi. Bibi aliyelea watoto wanane huogopa kuachiwa mjukuu mmoja. Yaya hukataa, au hukubali kisha mama mwenyewe akashindwa kuondoka. Katika mila zetu nyumba ya mzazi hujaa watu kabla ya arobaini: wa kupika, wa kukanda, wa kushika mtoto mama alale. Mtoto akiwa na waya kifuani, watu haohao husimama mlangoni, wakatoa pole na kuondoka. Mwaka 1978 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliouliza hasa jambo hili, yaani mashine inaigusaje familia, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Alfred Steinschneider, daktari ambaye kuliko wote alikuwa ameisukuma mashine majumbani. Kwamba swali liliulizwa mapema hivyo, na mtu huyo, kunaonyesha jinsi uzito wake ulivyoonekana tangu mwanzo.

Wazazi wawili hugawana usiku. Mmoja hulala kwanza, mwingine hukesha mpaka saa tisa, kisha hubadilishana. Mpango huu huonekana wa haki mchana, lakini usiku hudhihirika kwamba sikio la mmoja ni jepesi kuliko la mwenzake, na mara nyingi ni la mama, aliyejifungua juzi na anayekamua maziwa kila baada ya saa tatu. Ugomvi mwingi wa ndoa katika kipindi hiki hauna chanzo kingine. Hufika mahali masikio yote mawili huzoea. Mlio wa arobaini wa waya uliolegea humfanya mtu ageuke upande wa pili, na hiyo ndiyo hatari ambayo hakuna fundi aliyeweza kuitengenezea dawa.

Kuna kundi jingine linalobeba mzigo huu kwa namna ya pekee. Katika muongo uliopita wakimbizi kutoka Kongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yaliyopokewa Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Sheria ya nchi hiyo inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Kwenye mafunzo ya mashine ya pumzi haki hiyo ni suala la uhai. Kijana wa darasa la sita, anayejua Kiingereza kuliko wazazi wake, asiachwe kutafsiri namna ya kumkandamiza kifua mdogo wake, hata kama ana moyo wa kufanya hivyo. Familia ina haki ya kumdai mkalimani, na kurudia zoezi mpaka lieleweke.

Mashine iliingiaje majumbani? Kwa majonzi ya baba mmoja na kosa la daktari mmoja. Parker Petit alikuwa mhandisi katika kampuni ya ndege ya Lockheed jimboni Georgia. Mwanawe mchanga alifariki usingizini mwaka 1970, naye akageukia kubuni kifaa cha kufuatilia pumzi nyumbani. Kampuni aliyoianzisha, Healthdyne, ilikuja kuwa kubwa katika biashara hiyo. Na mwezi Oktoba 1972 Steinschneider, aliyekuwa Syracuse katika jimbo la New York, alichapisha makala iliyobadilisha fikra za kizazi kizima cha madaktari. Alieleza habari za watoto watano waliokuwa wakisita kupumua. Wawili kati yao, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wamefariki muda mfupi baada ya kurudishwa nyumbani kutoka kwenye uangalizi wake. Hoja yake ilikuwa kwamba kusita kupumua ndiko mlango wa kifo cha ghafla cha usingizini, na kwamba hali hiyo huweza kuandama ukoo. Kama ni hivyo, mtoto aliye hatarini angeweza kutambuliwa mapema, akapewa mashine, akaokoka.

Hoja ilikuwa nzuri mno kwa wazazi waliokuwa wamekosa maelezo yoyote. Maelfu kwa maelfu ya mashine ziliingia vyumbani. Utafiti ukapata fedha, viwanda vikapata soko, na mtoto yeyote aliyewahi kusita, au ambaye ndugu yake alifariki, akawa wa kufungwa mkanda.

Linda Norton, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti kutoka Dallas, aliisoma makala ile kwa jicho jingine. Mwaka 1986 alimwambia mwendesha mashtaka wa Syracuse, William Fitzpatrick, kwamba huenda jimboni kwake kulikuwa na muuaji. Uchunguzi ulichukua miaka. Mama wa wale ndugu wawili, Waneta Hoyt, alikuwa amezika watoto watano kati ya 1965 na 1971. Mwaka 1994 alikiri kuwaziba pumzi wote, baadaye akakana kukiri huko. Mwaka 1995 mahakama ilimtia hatiani, na mwaka 1998 alifia gerezani. Watoto wawili waliobeba nadharia nzima hawakuwa wamefariki kwa pumzi zao kusita. Inaumiza kufikiria kwamba wauguzi wa wodi ile walikuwa na wasiwasi na mama yule tangu mwanzo, na namna yake ya kumshika mtoto iliwasumbua, lakini sauti zao hazikuwa na uzito wa grafu.

Nadharia ilikuwa imeanza kutikisika hata kabla ya kesi. Mwaka huohuo wa 1986 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwaita wataalamu kupitia ushahidi, na hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: mashine inafaa kwa makundi machache ya watoto, haifai kugawiwa watoto wote wenye afya wala njiti wote wasio na dalili. Ila jibu kamili lilihitaji kuhesabu pumzi za watoto wengi, nyumbani, usiku kucha, kwa miezi.

Kazi hiyo ilifanywa kati ya 1994 na 1998 katika miji mitano: Chicago, Cleveland, Honolulu, Los Angeles na Toledo. Watoto 1,079 walifungwa mashine zenye kumbukumbu, na zaidi ya saa 700,000 za pumzi zikarekodiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2001, na jambo la kwanza lililowashangaza watu halikuwahusu njiti. Miongoni mwa watoto wenye afya waliotimiza miezi yao tumboni, asilimia 43 walikuwa na angalau tukio moja la kufikia kipimo cha kawaida cha mlio. Karibu nusu ya watoto wazima kabisa! Wakanyonya, wakakua, wazazi wao wasijue lolote. Njiti walikuwa na matukio makubwa zaidi, ila tofauti yao na wengine ilififia kadiri walivyokua, na walipofikia wiki ya 43, ukihesabu tangu mimba, ilikuwa imetoweka. Umri ambao vifo vya ghafla vya usingizini hushamiri, mwezi wa pili hadi wa nne baada ya kuzaliwa, kwa wengi haukulingana na kipindi hicho. Kusita kupumua na kifo cha ghafla yalikuwa mambo mawili tofauti.

Kifo cha ghafla kilikuwa tayari kimepata adui mwingine, asiye na betri wala waya. Nchi kadhaa zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwaambia wazazi wamlaze mtoto chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala mablanketi mazito, mbali na moshi wa sigara. Marekani ilizindua kampeni yake mwaka 1994, na ndani ya miaka kumi hivi vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Ushauri huu unamhusu njiti kuliko yeyote, kwa sababu hatari yake ya kufa usingizini ni kubwa kuliko ya mtoto aliyetimiza miezi. Nao una mtego: wodini njiti mara nyingi hulazwa kifudifudi ili mapafu yafanye kazi vizuri, chini ya macho ya wauguzi na mashine. Mama aliyeona hivyo kwa wiki kumi huona ni kawaida. Hospitali nzuri humgeuza mtoto alale chali wiki kadhaa kabla ya kutoka, mama akizoea kabla hajarudi nyumbani.

Mwaka 2003 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitamka rasmi kwamba mashine ya nyumbani isiandikwe kwa lengo la kuzuia vifo vya ghafla. Inaweza kuandikwa kwa njiti aliye katika hatari ya kusita na moyo kulegea, kwa mtoto anayetumia oksijeni nyumbani kwa sababu ya mapafu mabovu, au aliyewekewa bomba kooni. Na itumike mpaka wiki ya 43 tangu mimba, au mpaka matukio makubwa yakome, lipi litakalokuja baadaye.

Maneno ya mwisho kuhusu muda ndiyo yenye thamani kubwa kwa familia, nayo ndiyo yanayosahauliwa zaidi siku ya kukabidhiwa. Mashine isiyo na tarehe ya kurudishwa hugeuka kuwa kifungo. Mtoto ana miezi saba, anakaa mwenyewe, hajawahi kuwa na tukio la kweli, na bado analala na waya kwa sababu hakuna aliyeandika popote lini iondolewe. Wazazi nao huogopa kuiachia. Usiku wa kwanza bila mashine huwa mgumu kuliko usiku wa kwanza nayo. Wengi huamka kuweka kiganja mgongoni mwa mtoto, dakika kwa dakika, hadi alfajiri. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Inapungua pale daktari alipotaja tarehe mapema, na pale kumbukumbu za mashine zinaposomwa mbele ya wazazi wenyewe, waone kwa macho yao kwamba kati ya milio yote ile hakuna uliokuwa wa pumzi.

Soko halikungoja madaktari waafikiane. Miaka ya karibuni zimekuja soksi na vibandiko vinavyouzwa moja kwa moja kwa wazazi, vikituma taarifa kwenye simu. Mwaka 2018 watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia walipima bidhaa mbili za namna hiyo, wakizilinganisha na mashine ya hospitali. Moja, Owlet, iliona upungufu wa oksijeni lakini si kila mara. Ya pili, Baby Vida, haikuuona hata mara moja. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliionya Owlet kwa kuuza kifaa cha tiba bila kibali, na bidhaa ikaondolewa sokoni; Novemba 2023 kampuni ilipata kibali kwa soksi mpya, kwa ajili ya watoto wenye afya wa umri wa mwezi 1 hadi 18. Zingatia hapo: wenye afya. Njiti aliyetoka wodini juzi hakuandikiwa kifaa hicho, ingawa wazazi wake ndio wenye hofu inayofanya mkono ufike mfukoni haraka. Ndugu walioko ughaibuni hununua soksi hizi na kuzituma Dar es Salaam au Mombasa kwa mapenzi mema kabisa. Upendo huo ungefika mbali zaidi kwa nauli ya kliniki na chakula cha mama anayenyonyesha.

Maana huku kwetu swali lina sura nyingine. Mashine ya pumzi ya nyumbani ni kitu adimu, na hata wodini mashine moja huweza kugombewa na watoto kadhaa. Dunia nzima njiti waliozaliwa mwaka 2020 walikuwa takribani milioni 13.4, mmoja kati ya kila watoto kumi, na wengi wao walizaliwa Asia ya kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Je, mtoto asiye na kisanduku analindwa na nani? Jibu bora lililopatikana lilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipokosa mashine za joto na kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi njia hiyo ya kangaruu ilionekana kuwa ya maskini, ya kusubiri mpaka mtoto atulie.

Jaribio lililosimamiwa na Shirika la Afya Duniani lilibadilisha dhana hiyo mwaka 2021, na Tanzania ilikuwa ndani yake, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa: wengine waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, wakakaa hapo karibu saa 17 kwa siku, wengine walitunzwa kwanza kwenye mashine. Katika siku 28 za mwanzo kundi la kwanza lilipoteza asilimia 12, la pili asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua kungekuwa ni kuwadhulumu.

Kifua cha mama humpa mtoto joto, maziwa ya karibu na bakteria wa familia badala ya wale wa wodi. Kinampa pia kile ambacho mashine haina: mtoto akisita, mwili uliomshika huhisi, na mwendo wa pumzi za mama humchokoza aendelee. Hili halifanyi vifaa kuwa anasa. Wodi inahitaji vipima oksijeni, inahitaji kafeini iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani lakini isiyofika kila hospitali ya wilaya, inahitaji muuguzi mwenye watoto anaoweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini mama anayefundishwa vizuri kabla ya kuruhusiwa, anayejua rangi ya midomo ya kuogopa, namna ya kumnyonyesha mtoto anayechoka, na njia ya kurudi hospitali usiku, anabeba sehemu kubwa ya kile ambacho familia ya Cleveland ilitafuta ndani ya kisanduku.

Sharti lake ni muda. Na hapo Marekani na Tanzania zinakutana mahali ambapo pengine hapakutarajiwa. Sheria ya likizo ya familia ya Marekani ya mwaka 1993 inawapa wafanyakazi wanaostahili wiki 12, tena bila malipo. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, ambazo nazo ni wiki 12. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 25 huhitaji wiki 15 ili tu afikie tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Likizo huisha akiwa bado wodini, au siku anayofika nyumbani, siku ambayo kazi ya kumwangalia ndiyo kwanza inamwangukia mama.

Tanzania imeanza kulirekebisha hilo. Wanaharakati, mbele yao Taasisi ya Doris Mollel iliyoanzishwa na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, walipiga kelele kwa miaka, na marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua kabla ya wakati. Ni hatua ya kweli, na nchi jirani zingefanya vyema kuitazama. Ila sheria ya kazi humfikia mwenye mkataba wa kazi. Akina mama wengi wa nchi hii ni wakulima, mama lishe, wauza mboga na wasusi, wasio na mwajiri wa kupelekewa barua ya daktari. Mtoto wao akitoka wodini akiwa na kilo mbili, anahitaji kukaa kifuani kwa wiki kadhaa zaidi, na kwa wiki hizo zote hakuna bajeti ya wizara yoyote inayomlipa mama kwa kufunga genge.